Nilimtandikia Mama Mkwe Mpira wa Mtoto

Admin, ukiliweka hili, jina langu ulimeze kabisa, maana huku Karagwe tunajuana hadi kwa kukohoa. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina mtoto mmoja, na kwenye jumuiya yetu ya sala mimi ndiye mwenyekiti. Mtakaonitukana nitukaneni, ila mkimaliza mnishauri.

Mama mkwe wangu anaishi Mabira, kule Kyerwa, pamoja na wifi yangu. Miguu inamsumbua, hasa baridi hii ya kwetu ikishika. Mume wangu akamleta akae nasi, akafunga hita bafuni ili mama aoge maji ya moto bila kungoja kuni. Bomba lake la kwenda jikoni likapitishwa kwenye ukuta wa chumba cha mama, nyuma ya kitanda, juu kidogo ya godoro. Mama alifurahi jamani! Akitoka kuoga ananiita, "Mukamwana wangu," yaani mke wa mwanangu, "leo maumivu yamenisahau." Tulikuwa tunapendana, sitaki kuwadanganya.

Basi asubuhi moja naingia kumtandikia, nakuta godoro limelowa. Nikagusa. Lina uvuguvugu. Akili yangu ikaishia hapo. Yangekuwa maji baridi ningetafuta panapovuja, lakini uvuguvugu, asubuhi, kwenye kitanda cha mzee? Nikajiona nimeshajua kila kitu. Harufu sikuisikia, nikajijibu mwenyewe kwamba ni kwa sababu anakunywa chai nyingi. Oneni ujinga.

Kesho yake tena. Ikawa ndiyo desturi. Mama akaanza kuamka kabla yetu, anafua mashuka na kuyaanika nyuma kabisa migombani, mahali pasipopita mtu. Hakubisha wala hakuuliza, maana hata yeye aliamini ni yeye. Nami nikatoa kabatini ule mpira niliokuwa namlazia mwanangu alipokuwa mchanga, nikamtandikia juu ya godoro. Aliutazama weee, akasema, "Asante mwanangu, umenifikiria." Kuanzia siku hiyo akaacha chai ya jioni. Uji ukiletwa, anasema ameshiba. Na bado akawa analowa, tena zaidi, maana maji yalikuwa yanatuama juu ya mpira.

Mume wangu sikumwambia. Nilijisifu moyoni kwamba namsitiri mama. Halafu mtu huyohuyo anayesitiri, jumuiya ilipokuja kusali kwetu na mama akiwa amejipumzisha chumbani, nikasema kwa sauti ya huruma, "Tumwombee mama yetu, uzee umemrudisha utotoni, hata kitanda kinamshinda." Wote wakaitikia. Jamani, umbea nao huvaa rozari.

Mama alipotoka kusalimia, jirani yangu mmoja akamshika mikono yote miwili akamwambia, "Pole mama, hata mama yangu mzazi yalimkuta." Mama mkwe hakumtazama yule jirani. Alinitazama mimi.

Asubuhi akaomba aitiwe bodaboda. Mwanawe alimbembeleza, akamwambia tu amekumbuka migomba yake. Mimi aliniaga mlangoni, "Nyumba yenu ni nzuri mno kwangu, mwanangu. Acha nikaharibu vya kwangu." Nami, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Nikalianika godoro, likakauka, nikalirudisha. Wiki hiyohiyo naingia kufagia chumba, nakuta kitanda kilekile, hakijalaliwa na mtu, na godoro limelowa chapachapa. Nikagusa. Uvuguvugu uleule. Yesu na Maria! Nikavuta kitanda, nikapiga magoti sakafuni, nikaona tone linatoka kwenye kiungo cha bomba, linafuatwa na jingine. Lilikuwa linavuja maji yakipata moto tu, na hita ilikuwa imewekwa ijiwashe yenyewe alfajiri ili mama aoge, wala alipoondoka hatukukumbuka kuizima.

Fundi akaja akakaza, yakakoma. Mume wangu akawa anacheka, "Bahati mama alikuwa ameshaondoka, angelowa bure." Nilikwenda jikoni nikaanza kumenya ndizi ambazo hakuna aliyeziomba, machozi yananidondoka.

Mpaka leo sijasema. Nikimwambia mama, mume wangu atajua, na mume wangu kwa mama yake hana mzaha. Nikienda jumuiya kulifuta nililosema, wataniuliza ni sala gani ile niliyoiongoza. Nikinyamaza, naona nitazeeka vizuri tu, hakuna atakayejua. Hilo ndilo linanitisha zaidi.

Jana wifi kanipigia. "Wifi, mama huko kwenu alikuwaje? Jua likianza kushuka hanywi kitu. Maji hataki, uji hataki, midomo imemkauka. Na kuna mpira wa mtoto alirudi nao ameutandika kitandani. Nikimwambia kitanda kikavu mama, autoe, anasema ni kwa sababu hajanywa." Nikamjibu mtandao unakatakata, nikakata simu.

Nishaurini ndugu zangu. Nimwambie mume wangu kwanza, au nipande pikipiki niende Mabira nikapige magoti, au nianze na wale niliowasalisha uongo? Nijibuni mapema. Jua likishuka, kuna mama wa watu Mabira atakataa maji tena, kwa kosa la bomba na mdomo wangu.