Ramani ya Nchi Yao

Kila nikifungua kabati lenye karatasi kuukuu, harufu ile ya vumbi na gundi hunirudisha Sharpstown, mtaa wetu wa utotoni huku Marekani, kwenye ukuta wa jirani zetu Wapolandi.

Babu wa rafiki yangu wa nyumba hiyo alikuwa ametundika ramani ya nchi yao, iliyochapwa huku Marekani wakati Wajerumani walipoikalia nchi hiyo kivita. Ilijaa picha: wakulima, farasi, makanisa, na upande mmoja mabuti meusi ya askari yakikanyaga mashamba.

"Walioichora walitaka Wamarekani watuonee huruma," babu alisema.

Rafiki yangu akagusa bata mmoja mdogo mtoni. "Babu alizaliwa hapa."

Sisi pia tuliwakimbia askari wa kigeni, lakini kwenye ramani ya darasani nchi yetu, Kongo, ilikuwa rangi ya njano tupu. Niliwaonea wivu hata kwa msiba wao, kwa jinsi ulivyochorwa vizuri.

Nikapanda ngazi mbio hadi kwa mama, aliyekuwa akisonga fufu, ugali wetu wa muhogo.

"Mama, ramani ya kwetu yenye picha iko wapi?"

"Haiko. Chora wewe."

Nikachora ziwa, ng'ombe, kanisa. Nilipoanza mabuti, mama alinishika mkono.

"Hao watu usiwachore."

"Lakini kwenye ya kwao wamo!" nikalia. "Bila hao, nani atatuonea huruma?"

Mama akaketi karibu nami, akachora nyumba ndogo kando ya ziwa, akaniuliza mlango wetu ulitazama upande gani.

Sikukumbuka.