Mchanga wa Asteria

Zamani mtoto wa Kisukuma alicheza katika vumbi la zizi la baba yake na hakuna aliyeuliza vumbi lile limetoka wapi. Siku hizi mchanga wa kuchezea unaletwa na lori, na mtu mwenye akili zake anakosa usingizi akijiuliza lori lilipakia wapi.

Asteria, ambaye wengi humwita Mama Juliana, alizaliwa Kagongwa, akaja huku kwetu Buseresere na sufuria lake la uji. Aliuza mialoni, kule wanakooshea mawe yaliyosagwa ili kutoa dhahabu. Huko aliwaona watoto wa wanawake waoshaji wakishinda kwenye tope, vidole mdomoni. Wenzake walizoea, yeye alishindwa kuzoea. Alipoweza kupanga nyumba iliyo jirani na yangu, uji akauacha, akafungua kituo cha kulelea watoto wadogo mchana.

Nilimcheka. Sisi tulifinyanga ng'ombe wa udongo, tukawachunga, tukawatoa mahari, na hakuna mtu mzima aliyetupangia. Leo mchezo unapangwa kama vitanda vya hospitali. Asubuhi moja nilimkuta anasogeza meza, anakaa kitini, anainuka, anaisogeza tena.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka. Meza hiyo imekukosea nini?"

"Nikikaa hapa simwoni mtoto aliye kwenye kona ya mapishi. Nataka niwaone wote bila kuinuka."

Kona ya mapishi ilikuwa na vibuyu na makopo. Mkeka wa wanaolala aliuweka mbali na mlango, na wenye kelele akawapa upande wa pili. Nje alifukia matairi nusunusu ili wayarukie, akasimamisha nguzo za bembea, akaweka beseni la maji chini ya turubai ili jua lisiwachome. Kilichobaki kilikuwa mchanga. Aliutaka wa mtoni, na alikuwa akimsubiri dereva anayemwamini, maana huku kwetu mtu hawezi kuchota mchanga popote tu.

Akafiwa na mama yake mdogo, akaenda Kagongwa kuzika. Nyuma yake likaja lori. Januari, baba wa Charles, mmoja wa watoto wale, na mwenye karasha la kusagia mawe, alikuwa ametoa mchanga kama zawadi. Loveness, binti msaidizi wa Asteria, aliupokea kwa vigelegele. Mimi niliusikia mlio wa lori nikiwa ndani, sikutoka kutazama.

Asteria aliporudi aliwakuta watoto wamezikana hadi kiunoni wakicheka. Hakutua hata mzigo. Alichota ule mchanga, akausugua kiganjani. Ulikuwa na rangi ya majivu, laini kama unga wa muhogo.

"Loveness! Huu umetoka wapi?"

"Baba Charles kaleta, dada. Bure kabisa."

"Haya ni marudio."

Marudio ni mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa kwa zebaki, dawa ile ya kukamatia dhahabu. Aliwatoa watoto mmoja mmoja, akawaosha mikono, kucha, masikio. Maji ya beseni yalipokwisha alikuja kuomba kwangu. Akarudi na ndoo, akawaosha upya.

Jioni wazazi walipokuja kuchukua watoto aliwaambia wazi. Nilidhani watalia. Bhoke, mwoshaji, mama wa Rebeka, akaangua kicheko.

"Eti zebaki! Mama Juliana, mimi naishika kwa mkono huu, na ugali nausonga kwa mkono huuhuu. Umeniona nimekufa?"

"Wewe ni mtu mzima, Mama Rebeka. Huyu bado anakula mchanga."

"Basi atatema dhahabu, tutajenga!"

Wakacheka wote. Januari hakucheka.

"Nimetoa kwa moyo, unanitukana mbele za watu?"

"Sijakutukana, Baba Charles. Naomba lori lirudi liuchukue. Mpaka hapo hakuna mtoto atakayetoka nje."

"Siuchukui. Tena ujue, ule mchanga bado una mali. Nilikuwa na uwezo wa kuuza, nikawaletea wanao."

Nilimwona Asteria anafumba macho. Mali huku ni dhahabu, na neno hilo halisemwi hadharani. Enzi zetu mtu akisikia ng'ombe wa jirani wamezaa alikwenda kupongeza; hawa wa leo wakisikia mali wanatafuta koleo.

Kulipokucha watu walikuwa wamejaa uani na makarai. Asteria alisimama mlangoni, mikono ameitandaza, watoto walioletwa mapema wakichungulia kupitia miguu yake.

"Chukueni mchanga wote, lakini msiguse udongo! Msiguse nguzo!"

Mchanga uliisha mapema tu. Mmoja akasema mali nzito huzama chini, wakaanza kuchimba udongo wenyewe. Nilifika na fimbo yangu, kijana mmoja akaniambia, "Mzee, kaa pembeni usije ukadondokea duarani," na kweli shimo hilo wanaloliita duara lilikuwa tayari limeanza kuwa la kumeza mtu. Matairi yakang'olewa, bembea ikalala. Bhoke naye alikuwemo, ameinama na karai, Rebeka mgongoni.

Sikusikia kama kuna aliyepata chochote. Ila mwenye nyumba alikuja, akayatazama yale mashimo muda mrefu, na nikaona macho yake yakibadilika. Kumbe kiwanja chake kinaweza kuwa na mwamba wa dhahabu! Akamwambia Asteria atafute kwingine.

Kwingine hakukupatikana. Kila uwanja aliokwenda kuutazama ulikuwa na karasha jirani, au shimo, au mwenye nyumba asiyetaka kelele. Wazazi wakaanza kubeba watoto wao kurudi nao mialoni, wakisema ni kwa muda tu.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa siku aliyohama. Vyombo vilikuwa vimeshapakiwa kwenye guta. Watoto waliosalia walikuwa wameketi barazani kwa mstari, mikono wameinyoosha mbele, vidole wamevitanua, wakichekeana kwa kudhani ni mchezo. Asteria aliwahi kuwajua waoshaji wa siku nyingi ambao zebaki iliwatetemesha mikono, wasioweza kushika kikombe cha chai bila kukimwaga. Alipita mbele ya watoto akiinama kwa kila mmoja, akivitazama vidole kama vinatulia. Alipomfikia wa mwisho alirudi kwa wa kwanza, akaanza upya.