Maandishi Yaliyozama Katika Ukungu

Nilipokuwa mtoto sikuogopa giza. Niliogopa kuitwa. Koko, bibi yangu, mama yake papa, alikuwa ametoka Kindu na sheria moja aliyoirudia kila siku: sauti ikikuita na hujauona uso wa mwenye nayo, usiitike. Kuna vitu vinavyojifunza majina ya watu kwa kusikiliza nyuma ya nyumba, alisema, na ukiviitikia vinaondoka na kitu chako. Hakueleza ni kitu gani. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na vitu vingi, kwa hiyo nilivilinda vyote.

Tulikaa Simi-Simi, Kisangani, karibu na uwanja wa zamani wa ndege: Koko, papa na mimi. Papa alipakia mizigo kwenye uwanja mpya, Bangboka, upande wa pili kabisa wa mji, na lori la kazi lilimchukua kabla ya jua. Mama hakuwepo. Alikuwa binti wa watu wa mto, wa Yanonge. Mdogo wangu alipokufa kwa surua, yalisemwa maneno nyumbani ambayo sikuyasikia yote, naye akafunga nguo zake akarudi kwao. Watu wake walitaka papa aende kumchukua. Papa alisema yeye hakumfukuza mtu. Ulipita karibu mwaka mzima hivyo, kila upande ukiungoja mwingine.

Mwishowe papa alituma neno kwa wenye mitumbwi. Katika ukoo wa Koko kulikuwa na desturi kwamba mke aliyeondoka kwa hasira akirudi, haulizwi kitu. Anasimama nje, anapiga hodi, na yeyote wa nyumba aliye ndani akisema karibu, shauri limekwisha na halitajwi tena. Asipojibiwa, amejibiwa. Papa aliagiza mama aambiwe kwamba nyumba itamjibu. Siku haikuwekwa, maana mto hauna ratiba.

Basi nikawa mtu wa kungoja. Niliosha sahani nikisikiliza, nilifagia ua nikisikiliza. Wasichana wenzangu waligombezwa na mama zao tangu asubuhi mpaka jioni, nami niliwaonea wivu.

Papa aliona nilivyokuwa, na Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, alinipeleka sinema. Ukumbi ulikuwa wa Mgiriki mmoja kabla serikali haijauchukua na kumpa mwananchi. Mwenyewe huyu mpya hakupata filamu mpya. Alionyesha zilizobaki kwenye masanduku, moja baada ya nyingine, na zikiisha alianza tena. Siku hiyo ilikuwa zamu ya filamu ambayo hakuna mtu aliyeichagua. Ilihusu mfu aliyetoka kaburini kunywa damu ya walio hai, katika nchi ya baridi, na watu wake walisema lugha ambayo hata walimu wetu hawakuitambua. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kifaransa.

Wengi ukumbini hawakusoma Kifaransa. Kwa ajili yao alikuwepo Tonton Risasi, karani mwembamba aliyesimama kando ya kitambaa cha picha, akisoma yale maandishi na kuyapaza kwa Kiswahili. Katika filamu za kupigana alikuwa hodari. Maneno yalimtoka kama jina lake.

Lakini filamu hii ilikuwa nyeupe. Theluji nyeupe, ukungu mweupe, magauni meupe, nyuso zisizo na damu. Na yale maandishi nayo yalikuwa meupe. Yalitokea chini na hapo hapo yakazama. Mtu mwenye koti jeusi akipita, uliona herufi nne au tano juu ya koti, kama ndege waliotua. Akisogea, sentensi imekwenda. Nilikuwa nimeanza kusoma Kifaransa shuleni na nilikaza macho mpaka yakatoka machozi. Sikupata hata neno moja zima.

Mwanamke mmoja alisimama dirishani akasema kwa muda mrefu sana, midomo ikimtetemeka. Sote tulimgeukia Tonton Risasi.

"Anasema iko baridi," akasema.

Ukumbi ulicheka. Mwanamume mmoja nyuma yetu akauliza, "Tonton, maneno yote ile ni baridi tu?"

"Iko baridi sana," akajibu Risasi, na hata papa alicheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu msiba.

Kuanzia hapo hawakumwacha. Kila mtu kwenye picha alipofungua mdomo, vijana wa mbele walijibu kwa pamoja kwamba iko baridi. Mmoja akamshauri arudi ofisini kupiga mihuri. Nilimwona Risasi akipangusa uso kwa leso. Nadhani ni wakati huo alipoamua kwamba hatashindwa tena.

Ikafika sehemu ya mlango. Ndani ya nyumba alikuwemo msichana, mkubwa kwangu kidogo, amesimama peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Nje, katika ukungu, mwanamke alibisha. Alibisha tena. Akaweka shavu kwenye mbao na kusema kwa upole, polepole, na maandishi yakaja mistari miwili, mitatu, yote ikazama. Hakuna aliyecheka, kwa sababu yule msichana alikuwa anatetemeka.

Tonton Risasi alisema, "Huyu wa inje ni yule mwenye kunywa damu. Amekufa, donc hana ruhusa ya kuingia mu nyumba ya mutu. Anapiga odi na sauti ya mutu mwenye unapenda. Ukisema karibu, umekwisha."

Hakuna aliyemtania tena. Mwanamke mbele yetu aliinua mtoto wake kutoka sakafuni akampakata. Maneno yale hayakuwa mageni kwa mtu yeyote pale. Kila mmoja alikuwa na koko wake. Nilimshika papa mkono, naye akanishika bila kunitazama.

Filamu hiyo niliiona mara ya pili nikiwa na watoto watatu, kwenye kaseti ya video ya jirani. Nilikuwa nimekwenda kumwomba beseni. Niliitambua theluji nikabaki nimesimama mlangoni. Nakala hii mtu alikuwa ameifanyia kazi yake vizuri: maandishi yalikuwa ya njano, yamezungushiwa wino mweusi, yakakaa muda wa kutosha hata kwa macho yangu yaliyochoka jioni. Nilingoja mpaka mlango ule. Yule mwanamke wa nje hakuwa mfu. Alikuwa mama yake yule msichana. Alikuwa anasema: "Fungua, mwanangu. Kumekucha, wafu wamekwisha kulala. Saa hii wanaobisha ni walio hai." Nilimwomba jirani arudishe nyuma, nikasoma tena, kisha nikachukua beseni nikaenda nyumbani kufua.

Watu husema maandishi ya chini ni kitu kidogo, kwamba anayetaka picha atazame picha. Mimi sisemi hivyo. Aliyeweka herufi nyeupe juu ya theluji alikuwa mbali sana na Kisangani na hakutufikiria. Risasi naye simlaumu kama zamani. Hakuona neno, na watu walikuwa wanamcheka.

Siku tatu baada ya sinema, Koko alikuwa amevuka kwenda matanga Lubunga, ng'ambo ya mto, na angelala huko. Papa aliondoka na lori kama kawaida. Aliniambia nile, nivae, nifunge mlango nikitoka kwenda shule. Nilikuwa peke yangu kwa saa mbili hivi. Ilikuwa ile miezi ambayo ukungu hutoka mtoni na kupanda mpaka kwenye nyumba, na asubuhi hiyo ulikuwa mzito hata nilipochungulia kwenye ufa wa dirisha sikuuona mti wetu wa mapapai.

"Odi."

Nilikuwa na kijiko cha uji mkononi. Nilikiweka chini taratibu kisilie.

"Odi. Iko mutu?"

Nilikwenda mpaka mlangoni. Mtu anaweza kuuliza kwa nini nilikwenda mlangoni kama niliogopa. Miguu ilikuwa imengoja mwaka mzima na ilikwenda yenyewe. Nilisimama na mikono juu ya komeo.

Kikohozi kidogo kilisikika. Mama alikuwa na kikohozi hicho siku zote kabla ya kumwita mtu jina, kama anayesafisha njia. "Sifa," ikasema ile sauti. "Ni miye, mama."

Ilikuwa sauti yake kamili. Hakuna kilichopungua. Na hapo ndipo nilipolisukuma komeo ndani zaidi, kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa: itakuja na sauti ya mtu unayempenda. Kama ingekuwa sauti ya jirani au ya muuza mkaa, ningefungua. Kadiri nilivyoitambua ndivyo nilivyozidi kuogopa. Nilizuia pumzi. Dirisha lilikuwa hatua mbili kutoka pale, lile lenye ufa, na sikugeuka.

Alingoja. Hakubisha kwa nguvu wala hakuita tena. Nilisikia kitu kikiwekwa chini, kisha hatua zikienda upande wa mto.

Sikutoka mpaka jua lilipofukuza ukungu. Kwenye kizingiti kulikuwa na kifurushi cha majani, samaki wa moshi, wamefungwa vizuri kwa kamba ya mti. Sikukigusa kwa mkono. Nilikisukuma kwa fimbo mpaka chooni nikakitumbukiza, nikanawa mara mbili, nikaenda shule nikachapwa kwa kuchelewa. Nilijivunia. Nilidhani nimeiokoa nyumba.

Sikumwambia mtu, maana Koko alisema mambo hayo ukiyataja unayaita tena. Kwa hiyo papa aliendelea kungoja, na mimi niliendelea kungoja naye. Karibu mwezi ulipita kabla mwenye mtumbwi mmoja wa Yanonge hajasimama uani kwetu, bila kuketi, na kutoa ujumbe aliopewa. Mama alikuja, alisema. Alipiga hodi mara mbili, akaita jina. Chini ya mlango aliona miguu ya mtoto imesimama. "Anasema hivi: kama ingekuwa mama-mukwe, ningerudi tena. Lakini ni mutoto wangu mwenyewe amenikatala."

Papa alinigeukia. Nilimweleza yote, sinema, ukungu, samaki. Hakunipiga. Aliketi juu ya kinu cha Koko. Kesho yake alikwenda Yanonge kwa mtumbwi wa kwanza, akarudi siku ya tatu peke yake. Mama alikuwa amekwenda Isangi na mume mwingine, mwenye nyavu.

Koko ndiye aliyekasirika, na si kwa namna niliyotazamia. Nilijitetea kwake kwamba nilifuata sheria yake.

"Nilikuambia usiitike kabla ya kuona uso," akasema. "Sikukuambia usiangalie."

Ni kweli. Sheria yake ilikuwa na uso ndani yake. Ilimtaka mtu anyamaze, kisha asogee dirishani, atazame. Ile ya Risasi haikuwa na uso. Ilikuwa na sauti tu, na kwa hiyo haikuacha nafasi ya kukagua. Nimeshasikia watu wakicheka imani za wazee wetu. Mimi najua kwamba kama ningeifuata sheria ya koko wangu mpaka mwisho, ningemwona mama yangu amesimama uani na kitambaa chake kichwani.

Isangi si mbali, na hilo ndilo gumu kulieleza. Boti zilishuka kila wiki. Lakini papa alikuwa na aibu yake, nami nilikuwa na yangu, na mtoto hasafiri kwa aibu ya watu wawili. Baadaye nilikuwa na masomo, baadaye mume, baadaye tumbo. Ilipita miaka kumi na minne. Nilikwenda mwanangu wa pili akiwa bado ananyonya, bila kutuma neno mbele.

Nilimkuta akigeuza samaki juu ya uchaga wa moshi. Alinitambua, akaniambia niketi upande usio na moshi kwa ajili ya mtoto. Nilimsimulia kila kitu hapo hapo, kabla ya maji, kwa sababu nilijua nikinywa maji kwanza ningenyamaza. Hakuwahi kuingia sinema maishani mwake, ilinibidi nieleze kitambaa na taa na maandishi. Alisikiliza huku mikono ikifanya kazi.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Ile asubuhi, ulijua iko sauti yangu?"

"Nilijua, mama."

Aligeuza samaki wawili, watatu. "Niliambia watu umenikatala," akasema. "Lakini usiku nilikuwa nafikiri ingine. Nilikuwa nafikiri umenisahau."

Kisha akamchukua mtoto mikononi mwangu ili nile. Hatukulia. Alinipa habari za wadogo zangu wa pale Isangi, nami nikampa za papa, na siku ya pili nilipanda boti kurudi kwa sababu niliacha mkubwa kwa jirani na nyumbani kulikuwa na kazi.

Nimekwenda kwake mara kadhaa tangu hapo, na ni mama na mwana kama wengine, tunagombana juu ya dawa zake. Lakini ile miaka haikurudi, na mimi si mtu wa kusema kila kitu kina faida yake. Zamani niligawanya kosa: fungu la Risasi, fungu la Koko, la papa, langu. Sigawanyi tena, nimechoka. Ninachokiona sasa ni watu wawili walioishi miaka kumi na minne kwenye mto mmoja, siku moja ya safari kati yao, kila mmoja peke yake, akisoma maneno ambayo mwenzake hakuyasema.