Theopista Anaipeleka Kwaya Ikuu

Kwa misimu minne ya kiangazi Theopista alifungasha chakula cha safari za watu wengine. Alikuwa mpishi katika kambi ndogo ya watafiti ndani ya Hifadhi ya Katavi, karibu na Ikuu. Kila siku jua likichomoza lilimkuta ameshachemsha mayai, amekata mikate na kujaza chai kwenye chupa. Wageni walipanda Landrova wakaondoka. Jioni walirudi na vumbi mpaka kwenye kope, wakisimuliana mezani: viboko mia mbili kwenye dimbwi moja, mamba waliojipanga ndani ya mapango ya kingo za mto, nyati wengi hata ukashindwa kuona mwisho wao. Theopista aliwapakulia wali akasikiliza. Yeye mwenyewe alikuwa hajaona zaidi ya tumbili walioiba ndizi za jikoni, na fisi mara moja, tena mgongo tu.

Kwao ni Mamba, kusini mwa hifadhi, kwa wakulima wa mpunga na mahindi. Ni Mpimbwe kwa baba na mama. Mvua zilipoanza kambi ilifungwa, naye alirudi nyumbani kulima na kuimba. Hapo kwenye kuimba ndipo nilipomfahamu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tena mgeni kijijini, na katika kwaya ya kigango nilisimama nyuma yake.

Kiangazi cha mwaka 1994 alikuja kambini mtafiti mmoja kutoka Bolivia, mwanamke, Dokta Inesi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuunga vipande, lakini hakukionea aibu, na aliingia jikoni kukaa na mpishi, jambo ambalo wageni wengine hawakulifanya. Siku moja walipokuwa wanachambua mchele pamoja, alimweleza Theopista habari za hifadhi moja ya kwao. Ni mahali pa misitu na mito, alisema, kimya sana, na kwa mwaka wanafika wageni wachache tu. Wanaopanga safari za kwenda kutazama wanyama ni akina mama wa kijiji cha jirani. Wao ndio wanaosema watu waje mwezi gani, wakae upande gani wa mto, wanyamaze muda gani.

"Na wewe, Theo?" akauliza. "Hapa umeona nini?"

"Nimeona sufuria, Dokta."

Dokta Inesi alicheka, halafu akaacha. Akasema kesho yake atampakia kwenye gari waende wote Ikuu. Theopista akashukuru, akakataa.

"Nikienda peke yangu nitarudi kumsimulia nani?" alisema. "Nitakwenda na watu wa kwetu. Wewe nifundishe namna ya kupanga."

Basi kuanzia siku hiyo mpishi akawa mtu wa maswali. Akajua kwamba mwezi mzuri ni wa tisa, maji ya mto Katuma yanapokuwa yamebaki madimbwi na wanyama hawana pengine pa kwenda. Alijua kukaa upande ambao upepo unatoka kwa mnyama kuja kwako. Alijua kwamba anayekaa mahali pamoja anaona zaidi ya anayezungukazunguka. Yote hayo aliyaweka kichwani, kwa kuwa kuandika kulimchosha.

Januari 1995, baada ya mazoezi ya kwaya, akasimama akatuambia. Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Bernadetha, kiongozi wetu, mwanamke mwenye sauti ambayo ungeisikia ukiwa ng'ambo ya majaruba ya mpunga.

"Tukawaangalie viboko? Mwenzangu, viboko si wanakuja wenyewe kula mpunga wetu?"

Mwingine akasema kwamba askari wa hifadhi wakifika Mamba wanafika kwa jambo moja tu, kutafuta nyama kwenye vyungu. Hapo kicheko kikakatika. Kila mtu alijua kwamba mwaka 1987 Makarius, mume wa Theopista, alikamatwa na paja la pofu, yule swala mkubwa, akafungwa. Na Makarius alikuwa pale pale, kwa sababu ndiye mpiga ngoma wetu. Alikuwa anakaza ngozi ya ngoma. Hakuinua kichwa.

Theopista hakuketi. "Ndiyo, ndivyo ilivyo," alisema. "Babu zetu waliishi na wanyama hawa. Watoto wetu wanawajua kwa picha za kwenye kitabu cha mwalimu huyu hapa. Na mimi nawapikia watu waliopanda ndege mbili kuja kuwatazama. Sisi tunapita katikati ya hifadhi juu ya lori, tumefunikwa turubai pamoja na magunia, na kusimama hairuhusiwi. Mimi nataka siku moja tuende, tukae, tutazame kama watu."

Jioni ile alipata majina manne. La kwanza lilikuwa langu, nisijisifu, nilikuwa kijana na sikuwa na shamba. Kufikia Pasaka yalikuwa kumi na moja. Wakati wa mavuno, kila aliyejiandikisha alitenga mpunga wake wa gharama za safari, majina yakawa ishirini na manne.

Barua ya maombi niliiandika mimi, yeye akinitajia maneno. Mwezi wa tano aliipeleka mwenyewe Sitalike, kwenye makao ya hifadhi, akisafiri juu ya lori la mpunga la Masalu. Masalu ni Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wa baba yake, akauza baadhi akanunua Isuzu. Njiani alisikia habari yote, na kabla hawajafika alikuwa ameshasema kwamba siku hiyo lori lake ni la kwaya. "Kila wiki napita mule," alisema. "Wanyama nawaona kwenye kioo cha pembeni tu."

Ofisa aliyempokea alisoma barua taratibu, kisha orodha. Kidole chake kikasimama.

"Huyu Makarius ni yule?"

"Ndiye yule, mzee. Alifungwa, akamaliza. Sasa anapiga ngoma kanisani. Ukimfuta yeye, unifute na mimi, na mimi ndiye ninayepanga."

Yule ofisa aliweka orodha mezani. Akauliza watakaa wapi, saa ngapi, nani atawatuliza watu, na maji ya kunywa yatatoka wapi. Theopista akajibu moja baada ya jingine bila kutafuta maneno. Mwisho ofisa akagonga muhuri, akasema atatoa askari wa kuwasindikiza.

Lilibaki jambo moja. Makarius mwenyewe alikuwa hajaulizwa.

"Umeniandika?" alisema aliporudi mkewe. Mimi nilikuwepo, nimefuata majibu ya barua.

"Nimekuandika, baba Sixte."

"Bila kuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Mama Sixte, mimi mle nilitolewa nimefungwa kamba."

"Ndiyo maana nataka uingie kwa lango kubwa, na jina lako lina muhuri."

Makarius alichukua ile karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma yote, hata namba ya kumbukumbu pale juu. Akamrudishia. Hakusema ndiyo, lakini hapana pia hakusema.

Kilichofuata kilikuwa vita vya sare. Sare ya kwaya yetu ilikuwa ya buluu, na tulikuwa tumeishona mwaka huo huo. Bernadetha hakukubali kusafiri bila hiyo. "Kwaya isiyo na sare ni watu wa mnadani," alisema. Theopista akamweleza kwamba kambini mbung'o wanategwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, kinatundikwa mtini nao wanakijia kwa wingi. "Ukivaa sare, dada, utakuwa mtego unaotembea. Na nzi wale wanauma kupita nguo." Bernadetha akasema tutaona. Siku mbili baadaye nilimkuta mtoni analoweka kitambaa cheupe kwenye maji ya magome, kigeuke rangi ya udongo.

Vita vya pili vilikuwa vya kimya. Theopista aliomba likizo fupi mara mbili, na kila mara baada ya mazoezi alitupeleka nyuma ya kanisa, tukakaa chini kuelekea majaruba. Hakuna kusema, hakuna kukohoa, hakuna kunyoosha kidole. Siku ya kwanza tulidumu dakika nne, nilipima kwa saa yangu. Bernadetha alikuwa wa kwanza kupasuka kwa kicheko, sote tukafuata. Theopista alisubiri tumalize. "Tena," akasema. Alipokuwa kambini tuliendelea wenyewe, na kabla Agosti haijaisha tulifikisha nusu saa. Mimi niliyeishi pale miaka miwili niligundua siku hizo kwamba yangeyange wanapokezana zamu, mmoja anakoroga matope kwa mguu na mwingine anadaka.

Tuliondoka Mamba Ijumaa moja ya Septemba, tukalala Kibaoni, karibu na hifadhi, kwa ndugu na jamaa, kwa kuwa Theopista alikuwa ameshapiga hesabu kwamba tukitoka Mamba alfajiri tutafika wanyama wameshaingia vivulini. Makarius alikuja amevaa koti lake la kanisani, la kahawia. Alipanda mwisho akakaa nyuma kabisa.

Jumamosi asubuhi mpishi wetu alitungoja Ikuu pamoja na askari wa hifadhi, Shadrack, kijana mrefu mwenye bunduki begani. Masalu akazima injini. Shadrack alituangalia tulivyokaa juu ya lori, rangi ya udongo wote, midomo imefungwa.

"Nyie ndio kwaya?" akauliza. "Mbona kimya?"

Hakuna aliyemjibu. Theopista alitabasamu, akapanda pamoja naye.

Dimbwi lilikuwa chini yetu, na mwanzoni nilidhani ni mawe. Halafu jiwe moja likapiga miayo. Walikuwa viboko, wamebanana mgongo kwa mgongo, na matope yaliyobaki hayakuwatosha. Dume moja lilipanda juu ya wenzake likitafuta nafasi, likazomewa kwa mingurumo iliyotetemesha ubao wa lori. Kwenye ukingo wa mto, mapango aliyokuwa akiyasikia Theopista mezani yalikuwepo kweli, na kila pango lilitoa pua za mamba, tatu, nne, zimepangwa kama viatu mlangoni. Bernadetha alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, lakini sauti haikutoka.

Baada ya saa moja hivi Shadrack alinong'ona kwamba hapa basi, twende mbugani. Theopista akatikisa kichwa. Aliokota vumbi kidogo sakafuni mwa lori, akaliachia taratibu. Lilipeperuka kuja kwetu.

"Upepo umegeuka vizuri," akanong'ona. "Tubaki mpaka saa nne."

"Mama, mimi ndiye askari."

"Najua, mwanangu. Nakuomba mpaka saa nne."

Shadrack akashusha pumzi, akaegemea ubao.

Aliyeona wa kwanza ni Makarius. Aliinuka kule nyuma, akapita katikati yetu bila kumkanyaga mtu, akamgusa mkewe begani, akaelekeza kwa kidevu. Juu ya miti ya mbali kulikuwa na vumbi. Likakaribia. Likawa mistari myeusi, mistari ikawa pembe. Nyati walishuka kwenye maji mia kwa mia, wakubwa mbele, wenye ndama katikati, na ardhi iliguna kwa kwato. Walikunywa. Tuliwasikia wakivuta maji. Wa mbele waliposhiba walijitoa pembeni, wengine wakashuka, na bado vumbi liliendelea kuja. Jike moja lilisimama hatua thelathini kutoka kwenye lori, maji yanadondoka kwenye kidevu, likatutazama watu ishirini na wanne na dereva na askari. Halikuona sababu ya kukimbia.

Walipita kwa dakika arobaini. Wa mwisho alipoingia vichakani ndipo Makarius alipofungua kinywa.

"Sijawahi kuwaona wakinywa," alisema. "Siku zote niliwaona wakikimbia."

Theopista alimshika mkono, mbele yetu sote, jambo ambalo Mamba si la kawaida, na hakuuachia.

Shadrack alivua kofia. "Miaka sita naleta wageni hapa," alisema, safari hii kwa sauti. "Wenye kamera za urefu huu. Watu wa kukaa hivi sijapata. Mama, nani alikufundisha?"

"Nimefundishwa na mwanamke wa mbali," alisema Theopista, "na hawa nimewafundisha mimi."

Hapo tukapiga vigelegele, ruhusa au bila ruhusa, na viboko wakazama wote kwa mpigo. Bernadetha alimkalisha Theopista juu ya tairi la akiba akampakulia wali na kuku kwa mkono wake, akamkataza kuinuka. Alikula mpaka akamaliza, macho yakiwa mtoni.

Habari zilifika Mamba kabla ya lori. Jumapili, baada ya misa, watu walimzunguka Makarius wakitaka asimulie, naye akasimulia mchana kutwa, akionyesha kwa mikono jinsi nyati wanavyopisha ndama. Wiki ya tatu ikaja barua kutoka Sitalike, imeandikwa jina la Theopista kwenye bahasha. Nilimsomea kibarazani kwake. Walimwomba apange safari nyingine mwaka unaofuata, za wanakijiji, na mara hii askari angepokea maagizo ya muda na mahali kutoka kwake.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nisome tena pale penye jina.

Mwaka 1996 alipanga safari tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Wasukuma jirani wa Masalu, ya pili ya akina mama wa Majimoto, na ya tatu ya wanafunzi wangu wa darasa la sita. Asubuhi ile ya tatu alisimama uwanjani mbele ya shule, kanga kiunoni na orodha mkononi, orodha aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Aliita jina la kwanza, mtoto akaitika, akapanda.