Vifurushi Viwili vya Akamwani

Watu wa kijiji chetu cha Ihembe watakuambia Yustasi ni mkali. Sibishi. Ukipita shambani kwangu ukakata jani la mgomba bila kuuliza, nitakufuata mpaka barabarani. Lakini mwaka ule binti yangu Mackrine alipomaliza kidato cha sita ukali wote uliniishia, na sababu ilikuwa vyuo viwili.

Mama yake, Sperancia, alifariki Mackrine akiwa darasa la tano. Tangu hapo tulibaki wawili katika nyumba hii, tukigombana kuhusu chumvi. Mimi nasema imezidi, yeye anasema ulimi wangu umezeeka. Alipokuwa bweni nilikuwa namenya ndizi chache, napika kidogo, nakula nimesimama. Nilikuwa nangoja likizo zake kuliko yeye mwenyewe.

Alitaka ualimu wa sayansi, na vyuo vilivyomkaa moyoni vilikuwa viwili. Kimoja cha karibu: ukipanda basi mjini Kayanga asubuhi, jioni umefika. Kingine kiko kule nyanda za juu kusini, siku mbili barabarani. Masomo ni yaleyale na miaka ni ileile mitatu.

"Tofauti ni maisha tu, baba," aliniambia. "Nataka mahali ambapo wanafunzi wana furaha. Miaka sita ya sekondari nimesoma nimekunja uso."

Nikamuuliza furaha ya watu asiowajua ataijuaje. Akanionyesha simu. Vijana wamekumbatiana, meno yote nje, chuo hiki na chuo kile. Nikamwambia mbele ya kamera hata mimi hucheka, na wewe unanijua nilivyo.

Basi nikatumia njia yangu. Huku kwetu mgeni hupewa akamwani, yaani buni zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa, za kutafuna. Mtu haitafuni peke yake. Unamimina kiganjani, unampa aliye karibu nawe, naye anakupa habari zake. Mwezi wa sita nilifunga vifurushi viwili vilivyo sawa kwa magome makavu ya mgomba, nikavituma kwa basi. Kimoja kilikwenda kwa Cassian, kijana wa Nyakakika anayesoma chuo cha karibu. Cha pili kwa Kokugonza, binti wa Songambele aliyeko kule kusini. Nilisema ni zawadi ya nyumbani, basi.

Mackrine alicheka mpaka akakaa chini. "Waitu, baba, unapima chuo kikuu kwa kahawa?" Nikanuna. Sikumtajia tena jambo hilo, naye akalisahau.

Baada ya wiki mbili nikawapigia. Kokugonza alisema kifurushi hakikumaliza siku. Walianza wenzake wa chumbani, wakaja wa chumba cha jirani, mlinzi wa bweni naye akanyoosha mkono. Binti mmoja wa Tanga aliitema, wakamcheka, kisha akaomba nyingine. "Wanakuamkia, baba. Wanauliza kama utatuma tena."

Cassian alinishukuru vizuri sana, ni kijana mwenye adabu. Kahawa bado ipo, akasema, karibu yote. Anatafuna buni mojamoja akikumbuka nyumbani. Nikamuuliza, na wenzako je? "Huku kila mtu na mambo yake, baba."

Nilikata simu. Nilikuwa nimeomba iwe kinyume chake.

Ilipofika Septemba vyuo vyote viwili vilimchagua. Hapo ikabidi athibitishe kimoja kwa namba iliyokuja kwenye simu, na ukipita muda uliowekwa, nafasi imepotea. Siku ya mwisho alinikuta jikoni namenya ndizi za mchana.

"Nimeamua, baba. Naenda cha karibu. Nitakuwa nakuja kila mwisho wa mwezi, usije ukakosa mtu wa kugombana naye."

Alisema hivyo bila kunitazama. Mama yake alikuwa hivyohivyo, anakuachia nyama kwenye sahani huku akidai ameshiba.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu. Nasema wazi, nilitamani kunyamaza. Nilitamani kusikia mlango ukifunguliwa kila mwisho wa mwezi, mtu aingie analalamika kuhusu vumbi la basi. Yeye akainama juu ya simu, akaanza kuandika zile namba.

"Weka hiyo simu chini."

Sauti ilinitoka kwa ukali, akadhani amekosea. Nikamweleza yote, Kokugonza na mlinzi wa bweni, Cassian na kifurushi chake. Hakucheka safari hii.

"Umejua tangu Juni?"

"Tangu Juni."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka ubaki karibu nami."

Afadhali angefoka. Alichukua kisu mkononi mwangu, akamalizia kumenya ndizi zilizobaki. Halafu akauliza, "Na wewe utabaki na nani?" Nikamwambia nina migomba yangu na majirani tele. Tulijua wote wawili kwamba majirani nimeshagombana nao karibu wote.

Alithibitisha chuo cha mbali saa kumi jioni, amesimama juu ya jiwe nyuma ya nyumba ambako mtandao hukamata.

Alipokwisha kuzoea huko nilimtumia kifurushi. Siku ya tatu akapiga simu, nyuma yake kelele na vicheko, nikawa namsikia kwa shida.

"Shikamoo baba. Imeisha siku ileile. Mimi mwenyewe nimeambulia buni mbili."

"Marahaba. Krismasi unakuja?"

Rafiki yake wa chumbani, Agnetha, alikuwa amemwalika kwao, si mbali na chuo. "Nikuulize kwanza, baba. Niende?"

Nikamwambia aende, asalimie wenyeji, na asiweke chumvi nyingi. Nilifurahi kwa moyo wote, na nikalia.

Siku ile nilipofunga kifurushi chake nilifunga na changu, sawa na chake. Kiko hapa juu ya kabati. Bado kimejaa.