Chonga wa Minazi, Fukusi wa Gunia

Mwaka baba alipostaafu bandarini, minazi yake sita hapa Timbwani ilianza kufa. Kila kuti jipya lilichomoza limekatwakatwa, kama nguo iliyopitishwa mkasi. Mkwezi akateremka na mdudu kiganjani: mweusi, mwenye pembe, mkubwa kama kidole gumba.

"Chonga huyu, mzee. Ameshatoboa moyo wa mnazi."

Baba akakunja waya kama ndoana, na kila Jumamosi mkwezi akawa anapanda kuwavuta mashimoni. Walikuja wengine.

Miezi hiyohiyo mahindi ya mama, magunia mawili kutoka kwao Kaloleni, yaliingia fukusi. Huyu ni kahawia, mdogo kuliko punje ya mchele. Chonga hukaa juu kwenye jua na upepo wa chumvi, mara nyingi peke yake shimoni. Fukusi hajui upepo. Hukulia gizani ndani ya punje, na wenziwe maelfu. Chonga ukimshika hukukwaruza. Fukusi hujifanya amekufa.

Mama aliyaanika mahindi, akayapepeta, akayarudisha guniani. Baada ya wiki chache unga ulikuwa unamwagika wenyewe.

"Si wewe unayefundisha wadudu huko Changamwe?" aliniuliza. "Sasa tufanyeje?"

Nikamweleza kwamba jike hutoboa punje na kutaga humo, mara nyingine mahindi yakiwa bado shambani.

"Kwa hiyo tulikuja nao."

"Ndiyo, mama."

Mahindi yote akawapa kuku wa jirani.

La baba lilikuwa gumu zaidi. Mnazi wa kwanza ulipoanguka, alilifanya gogo lake kiti, akawa anakunywa kahawa hapo kila siku baada ya alasiri. Nilijua chonga huzaliana kwenye gogo lililooza. Nilijua, nikanyamaza miezi, kwa kuwa alilipenda. Siku nilipolipasua kwa shoka, mabuu meupe, manene, yalijikunja juani.

Baba aliinama kuyatazama.

"Yaani nimewakalia mimi mwenyewe?"

Tulilichoma gogo. Wakati huo minazi minne ilikuwa imeshakufa, na wa tano ukaangusha kilele wiki iliyofuata. Baba akatoa kiti cha plastiki, akakaa kando ya ukuta, akaniuliza wa sita umebakiwa na muda gani.

"Inshallah utapona," nilimwambia.

"Sikukuuliza hilo," alisema kwa upole.