Uji wa Deo

Tope la mto Kilombero likikauka lina harufu yake: samaki, majani yaliyooza, na mpunga uliokufa kabla ya kuzaa. Mwaka wa mvua za elnino harufu hiyo iliganda kijijini kwetu Michenga hadi kwenye nguo tulizovaa. Maji yalimeza shamba letu lote, yakaiangusha na nyumba ya baba mdogo, naye akatuletea watoto wake, akaenda kutafuta vibarua upande wa Mahenge. Baba yetu alikuwa ameshafariki kwa homa mwaka uliotangulia. Tukabanana katika nyumba ya Bibi, mama yake Baba: yeye mwenyewe, Mama, mimi, mdogo wangu Deo aliyekuwa ndio kwanza ameachishwa ziwa, na hao watoto wa baba mdogo.

Kanisa lilikuwa likiwagawia msaada wajane wenye watoto wadogo: unga wa mahindi uliochanganywa na soya, maharage, na mafuta kidogo. Unga ule ulikuwa wa Deo. Lakini Bibi alikuwa amelelewa akijua kwamba chungu cha nyumba ni kimoja, na Mama, mkwe asiye na mume, hakuwa na ubavu wa kumbishia. Uji ukakorogwa kwenye sufuria kubwa, mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, tukanywa wote. Unga ulipokwisha tulikula ugali wa muhogo na matembele yasiyo na chumvi, Deo naye akipata tonge lake kama sisi.

Kisha Deo akaanza kunenepa. Ndivyo tulivyodhani. Mashavu yalijaa, miguu ikatuna na kung'aa. Halafu nywele zikawa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi mabichi, akaacha kucheza, akaacha hata kulia kwa sauti. Alikaa mkekani akinung'unika kama mzee aliyechoshwa na dunia. Maneno yakaanzia kisimani. Walisema Mama amembemenda mtoto, yaani amelala na mwanamume kabla mtoto hajakomaa, na ndiyo maana anaharibika. Kwa mjane, neno hilo lilikuwa hukumu mara mbili. Bibi aliyasikia, akaacha kuitikia shikamoo ya Mama. Mama naye akaacha kwenda kanisani, akamfungia Deo ndani. Mficha maradhi, kifo humuumbua; lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Siku ya mgao Mama akanituma mimi na ndoo. Sista aliyegawa unga, ambaye pia alikuwa muuguzi, aliitikia salamu yangu, akatazama mgongoni kwangu.

"Deo yuko wapi?"

"Nyumbani, sista."

"Anacheza?"

Nilifikiri. "Anakaa tu."

Akamwachia mwenzake kazi, akachukua baiskeli, akanipakia nyuma. Nyumbani alipiga magoti mkekani, akabonyeza mguu wa Deo kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo lilibaki palepale.

"Kabemendwa huyo," alisema Bibi, amesimama mlangoni.

"Hapana, bibi. Huyu ana njaa."

"Njaa gani, na unga mnatugawia?"

"Unga ni wa Deo. Nani anaula?"

Mama akaanza kulia, na sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike Baba.

Deo alilazwa hospitalini Ifakara muda mrefu. Uvimbe ulipoisha ilibaki mifupa, tukaogopa zaidi kuliko mwanzo. Aliporudi, watu walikuwa wanapanda mpunga tena. Bibi alitafuta kichungu kidogo, akampikia Deo humo, kwenye mafiga yaliyotengwa, uji mzito wenye mafuta, akakaa pembeni na fimbo. Njaa yetu ilikuwa bado ipo. Tulipita pale tukimeza mate, na kusema kweli nilikichukia kichungu kile.

Halafu jumuiya, majirani wa kanisa letu, ikaja kusali kwetu. Baada ya rozari Bibi alisimama.

"Mnasema mkwe wangu kambemenda mtoto. Mjukuu wangu alikuwa na njaa, na uji wake niliunywa mimi. Mwenye neno aje kwangu."

Watu waliinamia rozari zao. Kwetu ilikuwa heri useme umerogwa kuliko kukiri kwamba nyumbani mwako kuna njaa. Asubuhi yake Mama alipomwamkia, Bibi aliitikia: "Marahaba, mwanangu."

Bibi na Mama wote wametangulia. Deo ni baba wa watoto, anaendesha bajaji, na ni mfupi kuliko sisi wote. Mwenyewe hakumbuki lolote. Bonde letu linalisha miji ya mbali kwa mchele wake, na msaada wa kaya maskini siku hizi huingia hata kwenye simu. Juzi nilipita kwa jirani yangu hapa Kibaoni, mmoja wa wanaoupata. Mwanawe alikuwa kakaa kivulini, nywele zimepauka, haangalii hata kuku waliompita miguuni. Niliuliza anakula nini. Mama yake alichungulia kwanza mlangoni, asije akasikiwa na waliomo ndani, kisha akanijibu kwa sauti ya chini:

"Anakula tunachokula sisi, dada."

Nikavua viatu, nikaingia ndani niwasimulie habari za uji wa Deo.